Masharti ya Kwenda Ukerewe

Daktari wa Bunda ndiye aliyelianzisha. Nilimwendea kwa sababu ya kichwa, yeye akanifunga ule mpira wa presha, akasoma, akakunja uso, akanifunga tena, halafu akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nina bucha. Akauliza, na mazoezi je? Nikamwambia mimi nakataga nyama toka asubuhi, shoka mkononi, mazoezi gani tena anayataka? Akasema hayo si mazoezi, hiyo ni kazi. Mpaka leo sijaiona tofauti, lakini nilinyamaza, kwa sababu mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu na alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye mwalimu wa michezo. Ana filimbi. Nikisema ana filimbi simaanishi ipo kabatini shuleni. Inakaa shingoni. Anapika nayo, anaenda nayo sokoni, na wakati mwingine nikichelewa kuamka naisikia kabla sijaisikia adhana wala kengele ya kanisa. Tulipotoka kwa daktari hakusema neno mpaka tumefika nyumbani. Hapo ndipo alipotangaza kwamba likizo ya Juni hatukai Bunda. Tunaenda kisiwani, Ukerewe, mimi na yeye na binti zetu wawili. Tutaendesha baiskeli kutoka kivukoni mpaka Nansio, tutapanda vilima, tutapiga kasia kwenda visiwa vidogo vya jirani, tutaogelea.

"Na kupumzika ni lini?" nikauliza.

"Huko ndiko kupumzika."

Jamani! Mimi nimekua nikijua likizo ni kiti. Unaweka kiti kivulini, unaweka miguu juu ya kigoda, mbuzi yupo jikoni, redio ipo dirishani, na ukiona jirani anapita na jembe unamwonea huruma. Sasa huyu ananiambia nilipe nauli ya kivuko niende kutokwa na jasho ng'ambo ya maji, wakati jasho la bure lipo hapahapa. Nililalamika. Nililalamika chakula chote cha mchana. Binti zangu walikuwa wameshachukua daftari la kuchorea na wanachora kisiwa.

Kwa mtu wa Bunda, Ukerewe si mahali pa likizo, ni mahali pa sababu. Unaenda kwa msiba, unaenda kwa arusi, unafuata machungwa ya kuja kuuza au sato. Nilipowaambia wateja wangu kwamba Juni nitafunga bucha nivuke kwa kivuko cha Kisorya, wote waliuliza swali moja: "Kafa nani?" Nikasema hajafa mtu, tunaenda kutembea. "Kutembea kwa nani?" Si kwa mtu, nikasema, tunaenda kuendesha baiskeli. Mzee mmoja mstaafu, mteja wangu wa utumbo kila Jumamosi, alinitazama kwa huruma kubwa. "Mwanangu," akasema, "baiskeli si hata hapa zipo?" Nikamkatia utumbo wake, nikamwongezea kipande cha bandama, maana alikuwa amesema neno ambalo mimi nilikatazwa kulisema nyumbani.

Mazoezi ya maandalizi yalianza wiki hiyohiyo. Mke wangu aliazima baiskeli mbili, akanipa ile yenye tandiko gumu, tukawa tunapanda barabara ya kuelekea Balili kila jioni, yeye mbele, mimi nyuma, filimbi katikati. Hapo ndipo nilipojua watu wa mji huu wanavyofikiri. Mwenye bucha akionekana juu ya baiskeli hakuna anayesema anafanya mazoezi. "Pole sana kaka," waliniambia, "pikipiki wameichukua?" Nikawa najibu kwa ukali, "Ni mazoezi!", na kadiri nilivyokuwa mkali ndivyo walivyozidi kunipa pole. Haikupita muda mtaa mzima ulikuwa umeshanifilisi. Yule anayeniletea ng'ombe kutoka mnadani alinipigia simu, akanisalimia kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, akaniuliza kama biashara bado tupo pamoja. Nilitaka kulia kwa hasira. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

Hata hivyo, nikiri, presha ilishuka kidogo, na mimi mwenyewe nikaanza kuvumilia ile mipango. Usiku tulikuwa tunapanga mezani: nani abebe pampu, nani abebe unga, tulale Nansio au tuombe hifadhi parokiani. Binti mkubwa alijipa cheo cha nahodha, mdogo wake akawa mpishi, mimi nikapewa cheo cha mzigo. Kulikuwa kumebaki jambo moja tu, baraka ya mama mkwe.

Hapa lazima nieleze, maana bila hili hamtanielewa. Mama mkwe wangu anakaa Bukima, kando ya ziwa. Nimemwoa binti yake miaka mingi, nina watoto wawili wanaomwita bibi, na sijawahi kumtazama usoni sawasawa. Si kwamba tuna ugomvi. Tunapendana sana, kwa mbali. Kwa familia zetu hizi mbili, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani mikono, wala hawaongei ana kwa ana. Panakuwa na mtu katikati anayebeba maneno. Nikienda Bukima najua yupo kwa sauti yake jikoni na kwa kisigino chake kinapokata kona ya nyumba. Nikimpelekea nyama, naiacha chini ya mti wa mpapai, nakohoa, naondoka. Yeye akiniletea dagaa, ananipa vivyo hivyo. Hata mke wangu akimpigia simu akaweka spika, mimi hutoka sebuleni nikasimama barazani, nikasikiliza kupitia dirishani. Heshima ni heshima.

Siku moja tulikutana uso kwa uso Musoma mjini, karibu na soko, kila mmoja ametokea kona yake. Hapakuwa na muda wa kufikiri. Mimi nikarukia mlango wa kushoto, yeye akarukia wa kulia. Nilipotulia nikajikuta nimesimama saluni ya akina mama, wanne wapo chini ya mashine za kukausha nywele, wote wananitazama. Yeye alikuwa ameingia kwa kinyozi. Mke wangu aliyekuwa naye anasema kinyozi alitandaza kitambaa, akaipangusa mashine vumbi, akauliza kwa adabu, "Mama, tunapunguza au tunanyoa zote?" Na mama mkwe, kwa kuwa bado nilikuwa sijatoka kule saluni, akakaa kwenye kile kiti akasema, "Subiri kwanza, nafikiria."

Basi, mipango ilipokamilika, jioni moja mke wangu akampigia mama yake. Spika ikawekwa, nikatoka barazani. Akaelezewa habari za kivuko, akasema sawa. Za baiskeli, akasema sawa, mkwe wake anenepe kidogo upande wa afya na si upande wa tumbo. Nikameza. Zilipofika habari za mtumbwi na visiwa vidogo, akamkatiza.

"Mumeo anajua kuogelea?" akauliza.

"Hajui, mama."

"Basi hamwendi."

Mke wangu akajaribu kumweleza kwamba yeye mwenyewe anajua, na watoto wanajua, si aliwafundisha yeye mwenyewe bibi yao? Mama mkwe akamwacha amalize. Halafu akasema maneno ambayo niliyasikia vizuri kupitia dirishani, na naamini alijua nayasikia. "Ziwa hili lilimchukua baba yenu nikiwa bado na maziwa ya mtoto kifuani. Mvuvi mzima, na hakujua kuogelea. Sasa huyo mkwe namjua. Mtoto akianguka majini, hatauliza kama anajua au hajui, ataruka. Ana moyo mzuri wa kijinga. Halafu wewe utamrukia yeye. Nitazika wangapi? Mkwe akiweza kulala juu ya maji, chali, akatulia, nendeni na baraka zangu. Asipoweza, kaeni Bunda mle nyama."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilizunguka uwanja mara kadhaa nikiongea peke yangu. Mimi ni mtu wa kijiji cha Buswahili. Kwetu maji ni Mto Mara, na Mto Mara una wenyewe, wana meno. Mtoto aliyeonekana anachezea ukingo alichapwa kwanza na mama yake, halafu na jirani, halafu baba akirudi anamalizia. Sisi tulifundishwa kuchota na kukimbia. Leo, nina kitambi na mvi mbili tatu, ndiyo naambiwa nilale chali majini, nitulie? Lakini katika kuzunguka kwangu nikapita tena dirishani, nikamwona mke wangu bado ameshika simu iliyokatika. Hakuwa analia. Alikuwa anakunja ile ramani ya kisiwa waliyoichora watoto, taratibu, aiweke mahali. Nikajikuta nimeshaingia ndani, nasema, "Mwambie mama nitajifunza."

Mwalimu wa kwanza alikuwa mke wangu, na hilo lilikuwa kosa. Alinipeleka ufukweni Musoma siku ya Jumapili baada ya ibada, watu wamejaa, akanisimamisha majini mpaka kifuani, akapuliza filimbi. Mimi nikisikia filimbi nashtuka, nikishtuka nakaza mwili, nikikaza mwili nazama kama mfuko wa saruji. Ananiinua, anapuliza. Nazama. Watoto wa watu wakaja wakakaa mstari mchangani kutazama, mmoja ananunua karanga kabisa. Mwisho nilimnyang'anya ile filimbi nikaitupa ziwani. Akaifuata kwa kuogelea, akaipata, akarudi ameishika kwa meno. Njia nzima mpaka Bunda hatukusemeshana.

Tulipofika ndiye aliyeanza. "Mimi siwezi kukufundisha," akasema. "Aliyenifundisha mimi ni mama."

"Sasa mama yako atanifundishaje, na sitakiwi hata kumwona?"

Swali hilo lilipelekwa Bukima kwa simu. Tulidhani litakaa huko wiki, wajomba waitwe, ukoo ukae. Jibu lilikuja kabla hatujala. "Jiwe lipo," mama mkwe akasema.

Nyuma ya nyumba yake, pale wanawake wanapofulia, kuna jiwe kubwa limeingia majini, kubwa kuliko nyumba yangu. Upande mmoja wa jiwe kuna ufukwe mdogo wa mchanga na maji safi yasiyo na matete. Mpango ulikuwa hivi: mimi niwe majini upande ule, yeye akae upande huu wa nchi kavu, juu ya kigoda, ameegemeza mgongo kwenye jiwe, amelipa ziwa kisogo. Mke wangu asimame pembeni mahali anapotuona wote wawili, abebe maneno. Na mavazi, nguo kamili, maana hakuna mwanaume anayevaa kaptura ukweni. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mimi sikuruhusiwa hata kuvua. Niliingia Ziwa Viktoria nimevaa suruali ya kitambaa na shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa, nimebakiza tai tu.

"Mwambie mkwe alegeze shingo," sauti ikatoka nyuma ya jiwe.

"Mama anasema ulegeze shingo," mke wangu akasema.

"Nimesikia."

"Usiniambie mimi. Sema nimwambie."

"Mwambie mama nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Nimesikia kwamba amesikia," sauti ikasema. "Sasa alegeze."

Nilidhani mtu asiyekuona hawezi kukufundisha. Kumbe yule mama alikuwa ananifundisha kwa masikio. Alikuwa anasikiliza maji. Nikipiga maji kwa viganja, anasema, "Mwambie anapigana, aache kupigana, hakuna aliyemtukana." Nikibana pumzi, anasema, "Sisikii pumzi. Mwambie apumue, hewa ya Bukima haiuzwi." Nikizama na kutoka nakohoa, ananisubiri nimalize, halafu anasema, "Mwambie pole. Mwambie na samaki nao pole, anawanywea nyumba yao." Binti zangu, waliokaa juu ya jiwe wananing'iniza miguu, walikuwa hoi kwa kucheka.

"Muulize," akasema siku ya pili, "anapopasua mfupa huwa anaubana mpini wa shoka?"

"Mwambie hapana," nikasema. "Ukiubana unakuumiza mkono. Unaulegeza, uzito wa shoka ndio unaofanya kazi."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie basi na mwili wake ni hivyohivyo. Auache uzito, maji yafanye kazi."

Hilo liliniingia kuliko yote. Lakini kuelewa ni jambo moja, na makalio ni jambo jingine. Makalio yangu yalikuwa hayajaelewa. Kila nikilala, yanatangulia chini, miguu inafuata, mwisho kichwa kinaaga. Tulienda Jumapili moja, tukaenda na nyingine, na Juni inakaribia. Mama mkwe hakulegeza sharti hata kidogo. Kila jioni tukiondoka anampa mke wangu neno moja tu la kuniletea: "Bado."

Siku ninayoikumbuka kuliko zote tulikuwa tumeanza vizuri. Ziwa lilikuwa limetulia, hakuna upepo. Nilikuwa nimezama mara mbili tu. Ghafla kelele zikatoka nyumbani, binti zangu wanapiga mayowe kwamba mbuzi ameingia jikoni, ameangusha ndoo ya unga wa muhogo na sasa ameuingia mwenyewe. Mke wangu akapuliza filimbi, akakimbia. "Wewe endelea tu!" akanipigia kelele. "Mama anakusikiliza!"

Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, na jiwe.

Sijui kama mnaielewa ile taabu. Mtu wa katikati hayupo. Siwezi kumsemesha, hawezi kunisemesha. Kutoka siwezi, maana njia ya kutokea inapita palepale alipokaa. Nikakohoa, kwa heshima, kumjulisha kwamba nipo. Na yeye akakohoa, kwa heshima, kunijulisha kwamba anajua. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na jambo jingine la kukohoa. Nikaanza kuona aibu hata ya kuyatikisa maji. Mkwe mzima unachapachapa maji mbele ya mama wa watu kama bata, wakati hakuna hata mtu wa kukutetea? Nikasema moyoni, ngoja nijaribu kimyakimya, nisimsumbue. Nikajilaza taratibu kama mtu anayelala kitanda cha ugenini. Sikupiga mkono. Sikupiga mguu. Nikaacha uzito.

Na makalio yakapanda.

Nakwambia yalipanda! Nilihisi suruali inajaa maji na mimi naelea ndani yake. Masikio yakaingia majini, dunia yote ikazimika, nikabaki na mbingu ya Bukima na pumzi yangu mwenyewe. Sikuwa na kitambi, sikuwa na presha, sikuwa na deni la pole la mtu yeyote. Nilifurahi mpaka nikataka kupiga kelele, lakini nikajizuia, kwanza kwa adabu, pili nisije nikaharibu. Nikawa nawaza tu jinsi nitakavyomwambia mke wangu. Nikawa nawaza kivuko cha Kisorya, na mimi nimesimama mbele kabisa, nimeshika baiskeli, naangalia maji bila kuyaogopa. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani.

Kisha mbingu ikazibwa na uso.

Ulikuwa uso wa mke wangu, ila mzee, na mdomo uko wazi unasema kitu nisichokisikia. Nikashtuka, nikakunjika, nikazama na kunywa ziwa. Mkono ukanikamata ukosi wa shati ukanivuta juu. Nilipofuta macho nikamwona mama mkwe amesimama mbele yangu, maji yamemfika kifuani, kitenge chake kimetandaa juu ya maji, kilemba kimeanguka na kinaelea kuondoka zake. Alikuwa anahema. Bado alikuwa ameushika ule ukosi.

Nikafunika macho kwa viganja. Ndicho nilichoweza.

"Nimekuita," akasema. Aliniambia mimi, si mtu mwingine, na ndiyo mara ya kwanza. "Nimekuita mkwe, nimekuita kwa jina lako kabisa. Hujibu."

"Masikio yalikuwa majini, mama," nikasema kupitia viganja. "Nilikuwa naelea. Nilikuwa sitaki kukusumbua kwa kelele."

Nilisikia anapumua, na maji yakidondoka kutoka nywele zake. Nilipotazama kupitia vidole, alikuwa haniangalii mimi. Anaangalia nchi kavu, pale kwenye mwamba bapa, chini ya jiwe, ambapo siku zote niliona magunia ya dagaa yametandazwa.

"Watu wanasemaga mfa maji hutapatapa," akasema. "Uongo. Nilikuwa pale naanika dagaa. Baba yao alikuwa hapa, anaosha nyavu, si mbali, hapa ulipo. Nilikuwa nimelipa ziwa mgongo, tunaongea, namwambia habari ya mahari ya dada yake. Niliendelea kuongea. Nilidhani amenyamaza kwa sababu amekasirika."

Nikatoa mikono usoni. Heshima ilikuwa imeshavunjika, na nadhani sote wawili tulijua atachinjwa mbuzi wa kuisawazisha, na mbuzi mwenye hatia ya unga alikuwa karibu. Nikamtazama mama mkwe wangu. Ana mwanya. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ana mwanya.

"Nipo, mama," nikasema.

Akauachia ule ukosi. Akaunyoosha kidogo kwa vidole, akafunga kifungo kilichokuwa kimefunguka. Halafu akageuka, akatoka majini akikamua kitenge, akazunguka jiwe, na nikasikia kigoda kinalia alipokaa. Nilijua amekaa mgongo jiweni kama alivyokuwa, ziwa kalipa kisogo.

"Lala tena," sauti ikasema. "Nataka nijue umeweza kweli. Lakini usininyamazie."

"Niseme nini, mama?"

"Chochote. Kazi yako. Taja nyama."

Nikalala. Shingo nikalegeza, uzito nikauacha, nikaacha masikio yawe nusu ndani nusu nje. Maji yakanipokea. "Steki," nikaita kuelekea mbinguni.

"Ndiyo," akajibu nyuma ya jiwe.

"Mbavu."

"Ndiyo."

"Kidari. Nundu. Maini."

"Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo."

Nikamtajia figo, nikamtajia ulimi, nikamtajia utumbo na bandama, na kila nikitaja anaitika. Mahali fulani kwenye makongoro sauti yake ikapasuka, sikujua kama ni kicheko au ni kilio, nikaona si adabu kuuliza, nikaendelea. Mke wangu alikuja akasimama pembeni, mikono imejaa unga mpaka viwikoni, anamtazama mumewe amelala chali juu ya ziwa na shati la mikono mirefu, anaita mkia wa ng'ombe, na mama yake anaitika. Hakupuliza filimbi.

"Kwato," nikasema. "Basi, mama. Ng'ombe mzima kaisha."

Kigoda kikalia nyuma ya jiwe.

"Anza mwingine," akasema.